Isipokuwa Mkurugenzi

Mwezi wa kwanza mama mkwe wake Mchwa alikuwa namba mia mbili na kumi na mbili kwenye foleni ya kupigwa picha ya nyonga. Mwezi wa pili akawa namba mia mbili na thelathini na moja. Mwezi wa tatu, baada ya kuvumilia kama wazee wanavyoambiwa wavumilie, akawa mia mbili hamsini na saba. Kuna foleni zinazokwenda polepole na kuna foleni zinazosimama, lakini hii ya hospitali ilikuwa inamrudisha nyumbani.

"Nikifika mia tano," aliuliza siku moja mezani, akimtazama mwanawe, "nitakuwa nimezaliwa upya?"

Swali lilimlenga mkwe wake, na mkwe alijua. Mchwa alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali hiyohiyo. Jina hilo walimpa wafanyakazi wenzake kwa sababu hakuwa msemaji, na kwa sababu akishaingia ndani ya tatizo, walikuwa hawamwoni tena mpaka atokee upande wa pili. Mama mkwe aliona mambo kwa njia nyepesi. Mtu anayefanya kazi jengo moja na ile mashine, tena anayeshika nywila za kompyuta zote, halafu akashindwa kumsogeza mama wa mume wake, basi ama ni mzembe ama ana roho mbaya. Na kwa kuwa miaka tisa ya kuishi nyumba moja ilikwisha kumwonyesha kwamba mkwe si mzembe, lilibaki jibu moja tu.

Mchwa alimweleza mara mbili kwamba aliye mbele yao naye ni mama wa mtu. Mara ya tatu hakueleza tena. Mume wake alikuwa mtu mwema, ila ugomvi ulipoanza tu alikumbuka kitu alichosahau nje. Kwa hiyo wanawake hao wawili walibaki wakitazamana juu ya sahani, na mmoja wao kila alipoinuka kwenye kiti alishika kwanza ukingo wa meza, akasubiri maumivu yapite, ndipo akanyanyuka.

Hospitali ilikuwa na mashine moja ya kupiga picha za ndani ya mwili, nyonga, goti hata kichwa, nayo ilihudumia watu wanane kwa siku ilipokuwa haijagoma. Majina ya wanaosubiri yalikuwa ndani ya kompyuta, na mgonjwa alijua namba yake kwa kwenda kuuliza dirishani. Pale dirishani alikaa karani wa miadi, mzee wa miaka hamsini na nane aliyebakiza miaka miwili astaafu. Kwa kuwa neno alilolitumia kuliko yote tangu aajiriwe lilikuwa "subirini", wagonjwa walimbatiza Subirini, na hata mshahara ungeandikwa kwa jina hilo angeupokea.

Wagonjwa si wajinga. Walianza kulinganisha namba zao kwenye mabenchi, wakagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akienda mbele. Barua ikaandikwa kwa bodi ya hospitali. Bodi ikamuuliza Mkurugenzi: nani anayepenyeza watu kwenye foleni?

Mkurugenzi alijibu siku hiyohiyo kwamba ni karani. Hakuhitaji kuchunguza. Yeye alikuwa mtu wa kuamini kwamba kosa, kama maji, hutiririka kwenda chini, na chini ya wote waliogusa ile orodha alikuwa Subirini. Bodi ikasema vizuri, tuletee ushahidi. Hapo ndipo Mkurugenzi alipoagiza ile programu.

Inafaa kueleza kidogo. Kila mtu anapogusa kompyuta ya hospitali, mfumo huandika mstari mmoja: nani, saa ngapi, amefanya nini. Mistari hiyo huitwa logi. Huandikwa mchana na usiku, kwa maelfu, ikalundikana kwenye mafaili ambayo hakuna anayeyafungua, kama mapendekezo ya wafanyakazi kwenye lile sanduku la koridoni. Programu mpya ilikuwa na kazi ya kuyakusanya mafaili yote kutoka kila kompyuta, kuyapanga katika majedwali, na kumruhusu fundi ayaulize maswali kwa lugha iitwayo SQL.

Kulikuwa na hafla ya uzinduzi. Wauzaji wawili waliovaa suti za rangi moja walionyesha slaidi zenye picha ya jicho kubwa. Mkurugenzi alitaka kukata utepe, na kwa kuwa programu haina mlango, utepe ulifungwa kwenye kompyuta ya mkononi kama bendeji kwenye kidonda, akaukata kwa mkasi wa wodi ya upasuaji. Kisha akasema sentensi aliyoipata kwa muuzaji dakika kumi kabla: "Logi haziongopi." Watu wakapiga makofi. Alipoona makofi yanakuja, akairudia.

Mchwa alipewa mafunzo ya siku tatu na amri moja: ifikapo Alhamisi ya wiki ijayo, siku ya kikao cha bodi, jina la mwovu liwe kwenye karatasi.

Chumba chake kilipakana na dobi la hospitali, ukuta ukitetemeka kila mashine ya kukausha mashuka ilipozunguka. Alianza kazi Jumatatu. Swali lake la kwanza alisahau kuliwekea sharti, programu ikamletea mistari milioni nne na kuanza kuhema. La pili lilikataliwa kwa ajili ya mkato mmoja. La tatu lilijibu, lakini majibu hayakuingia akilini, kwa sababu saa ya kompyuta ya mapokezi ilikuwa nyuma kwa dakika kumi na saba, jambo ambalo lilifafanua pia kwa nini watu wa mapokezi walikuwa hawachelewi kazini. Alizirekebisha saa, akayaunganisha majedwali mawili, akafuta, akaandika upya.

SQL ni lugha fupi isiyo na adabu. Haina shikamoo, haina mheshimiwa, wala haijui nani kaingia chumbani. Unaiambia: chagua hiki, kutoka jedwali hili, pale ambapo hali ni hii. Nayo inajibu, liwalo na liwe. Jumanne baada ya chakula cha mchana Mchwa aliandika swali ambalo kwa maneno ya kawaida lilisema hivi: nipe kila mtumiaji aliyemsogeza mgonjwa mbele ya wenzake katika miezi sita iliyopita, na mara ngapi, ukianza na aliyewazidi wote. Akabonyeza.

Majibu yalikuwa mistari sita.

Mkurugenzi, mara mia moja arobaini na tatu. Daktari Mkuu, tisini na sita. Muuguzi Mkuu, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maadili, sitini na moja. Afisa Malalamiko, thelathini na nane. Afisa Utumishi, ishirini na saba. Na mwisho kabisa, peke yake chini kama mtoto aliyesahaulika kwenye picha ya ukoo, karani wa miadi: mara moja.

Mchwa hakufurahi. Kitu cha kwanza alichofikiria ni kwamba amekosea mahali, akarudia swali mara tatu kwa njia tatu. Mistari ikabaki sita. Akaingia ndani zaidi, akakuta watu wenye afya ya kutisha: mmoja alikuwa amepigwa picha ya goti mara tatu, na goti lilikuwa lilelile. Kisha akafanya jambo ambalo hakuagizwa. Aliandika namba ya faili la mama mkwe wake, akauliza ni watu wangapi wamemruka. Wakaja zaidi ya mia tatu, kila mmoja na saa yake na aliyempitisha. Aliisoma orodha yote, taratibu, mpaka mashine ya dobi ikanyamaza na kuanza duru nyingine.

Jumatano asubuhi alimpelekea Mkurugenzi karatasi. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, kisha akaita kamati ya uongozi. Saa moja baadaye watu watano waliotajwa kwenye karatasi walikuwa wamekaa kuizunguka meza ndefu yenye maua ya plastiki, na Mchwa mwisho wa meza na kompyuta yake, swali likionekana ukutani kwa herufi kubwa.

Hakuna aliyekana. Hilo ndilo lililomshangaza Mchwa. Alijitayarisha kuwasikia wakisema kwamba programu ni mbovu. Badala yake Mkurugenzi alisema kwa upole, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mzito, kwamba programu ni nzuri ila swali limeulizwa vibaya.

"Mimi sisogezi wagonjwa," alisema. "Mimi natoa maelekezo. Maelekezo si kusogeza. Ondoa maelekezo."

"Niyaondoe vipi, bosi?"

"Si una sehemu ya masharti? Andika hapo: isipokuwa Mkurugenzi."

Mchwa akaandika. Akabonyeza. Mistari ikawa mitano, na Daktari Mkuu akajikuta juu ya orodha, mahali ambapo kwa kawaida alipapenda. Alikohoa. Akaeleza kwamba uamuzi wa daktari ni wa kitaalamu, hauwezi kuwekwa kapu moja na hila za makarani. Ikaandikwa: isipokuwa Daktari Mkuu. Muuguzi Mkuu alikuwa akiandika kwenye daftari lake muda wote bila kuinua macho. Ilipofika zamu yake alisema kwamba yeye alifanya kwa huruma, na siku hospitali itakapohesabu huruma kuwa kosa, yeye hatakuwepo. Kamati ikaguswa. Isipokuwa Muuguzi Mkuu. Afisa Malalamiko alisema kazi yake ni kumaliza malalamiko, na njia ya haraka ya kumnyamazisha anayelalamika foleni ni kumtoa kwenye foleni. Mwenye swali, akasema, azungumze. Ikaandikwa: isipokuwa Afisa Malalamiko. Afisa Utumishi alitafuta neno kwa muda, akasema "motisha", akaridhika nalo.

Mchwa aliandika yote. Kila alipobonyeza, orodha ilipungua mstari mmoja, na chumba kilipata hewa kidogo zaidi. Mwisho ukutani ukabaki mstari mmoja: karani wa miadi, mara moja.

Daktari Mkuu alishusha pumzi. Mtu mmoja akasema Mungu ni mwema. Mkurugenzi akautazama ule mstari kwa macho ya mtu aliyepata kitu alichopoteza.

"Logi haziongopi," alisema.

Mchana huo Mchwa alishuka dirishani. Subirini alikuwa anakula ndizi kwa kificho kwa sababu kula dirishani kulikatazwa. Aliposikia habari hakuacha kula, ila alitafuna polepole zaidi. Mchwa alimuuliza kuhusu ile mara moja.

Mzee alikumbuka siku, saa, na hata shati. Kulikuwa na mgonjwa, dereva mstaafu, aliyefika dirishani kuuliza namba yake, akaambiwa mia moja tisini, akashukuru, akageuka, akaanguka. Subirini alipiga simu kwa Daktari Mkuu mara nne. Daktari alikuwa kwenye semina ya huduma kwa mteja. Basi akambandika yule mgonjwa namba moja kwa mkono wake mwenyewe. Picha ikaonyesha damu kichwani, akapasuliwa siku hiyo, na sasa kila sikukuu anampigia simu.

"Na hao wengine?" Mchwa aliuliza. "Ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, mimi nina miaka ishirini na miwili hapa. Zamani walikuwa wananipigia: sogeza huyu, sogeza yule. Nikawaambia sawa, lakini niandikieni kikaratasi. Basi wakaacha kupiga. Wakaomba wapewe nywila zao wenyewe."

Mchwa alikumbuka. Yeye ndiye aliyezitengeneza nywila hizo, kwa ombi lililoandikwa kwamba uongozi unataka kufuatilia foleni kwa karibu.

"Nitasema ukweli," Subirini aliendelea. "Wakiniuliza kama nilimsogeza mtu, nitasema nilimsogeza. Sina la kuficha. Wewe una mume na nyumba, usijitie kwenye moto wangu."

Akakunja ganda la ndizi ndani ya karatasi, akamgeukia mama mmoja aliyekuwa akisubiri, akamwambia asubiri.

Mchwa alirudi chumbani kwake akakaa. Angeweza kuipeleka bodi ile karatasi ya kwanza kwa siri, lakini Mkurugenzi angesema imeghushiwa na fundi mwenye chuki, tena mwenye mama mkwe kwenye foleni. Hilo la mama mkwe lingetosha kummaliza. Nani angeamini kwamba hakuwa na lake? Kilichohitajika ni waseme wenyewe. Na watu hao, alivyowajua, kusema hawakupenda. Walichopenda ni kutia sahihi.

Mtu ambaye hajafanya kazi kwenye ofisi kubwa hawezi kuelewa utamu huo. Mkurugenzi alikuwa na kalamu tatu za sahihi, na mihuri. Daktari Mkuu alikuwa na sahihi ndefu kama reli. Mchwa akafungua programu, akachukua ule mtindo wa ripoti uliokuja nayo, ambao mwishoni una sehemu isemayo "Swali lililotumika". Akalibandika swali zima. Chini yake akachora jedwali lenye safu nne: sharti lililoongezwa, aliyeomba, sababu, sahihi. Juu akaandika kwa herufi nzito: Kiambatisho cha Ithibati ya Kitaalamu.

Akapita nalo ofisi hadi ofisi, mkono mmoja nyuma kama mhudumu wa hoteli. Alimweleza kila mmoja kwamba utaratibu wa programu unataka kila sharti lithibitishwe na aliyeliomba, vinginevyo ripoti haina nguvu. Haikuwa uongo, kitabu cha programu kilisema hivyo kwenye ukurasa wa mia na tatu, ila hakuna nchi ambayo watu hufika ukurasa huo. Muuguzi Mkuu aliandika kuhusu huruma mpaka nafasi ikaisha, akageuza karatasi. Daktari Mkuu alitumia maneno matatu ya Kilatini. Afisa Utumishi aliomba kusoma walivyoandika wenzake, akaona wameandika sana, akaongeza mistari miwili kuhusu ari ya kazi. Mkurugenzi alikuwa wa mwisho. Aliandika: "Maelekezo halali ya ofisi yangu, mara 143." Idadi aliiweka yeye mwenyewe, hakutaka ofisi yake ionekane haifanyi kazi. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke.

"Hivi ndivyo kazi inavyotakiwa," alimwambia Mchwa. "Uwazi."

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mwalimu mstaafu wa sarufi, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, na wajumbe wenzake walimwita Mwalimu kwa woga uleule wa darasani. Alhamisi aliipokea ripoti, akaigeuza, akaanza kuisoma kutoka nyuma. Baadaye ilijulikana kwamba alisoma kila kitu namna hiyo, kwa sababu miaka yote ya kusahihisha ilimfundisha kwamba wanafunzi hufanya makosa mbele na kuyaficha nyuma.

Mkurugenzi alikuwa amesimama akizungumzia jicho linaloona yote. Alisema jina la karani. Alisema hatua kali. Mwalimu aliinua kidole bila kuinua kichwa, na Mkurugenzi akanyamaza katikati ya neno.

"Hii isipokuwa ni ya nini?" aliuliza.

Mkurugenzi alisema ni masuala ya kiufundi.

"Si ya kiufundi. Ni kiunganishi, nimekifundisha. Mtu akisema wote wamekula isipokuwa Juma, nataka kumjua Juma." Akamtafuta Mchwa kwa macho, kule alikokaa karibu na waya za kompyuta. "Wewe fundi. Ukiyatoa hayo maneno, swali linafanyaje?"

"Linajibu zaidi, Mwalimu."

"Yatoe."

Mkurugenzi alianza kusema kwamba taarifa hizo ni za siri. Mwalimu alimwomba akae, na ombi lake halikuwa na alama ya kuuliza. Mchwa alifuta sharti la kwanza. Akakosea herufi, programu ikakataa, akaandika tena. Akafuta la pili. Alipomaliza la tano alibonyeza, na ile mistari sita ikatokea ukutani, mikubwa, kwa mpangilio wake wa Jumanne. Hakuna aliyesoma kwa sauti. Mjumbe mmoja alilinganisha ukuta na kiambatisho, jina kwa jina, sahihi kwa sahihi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mwalimu aliuliza kama karani yupo. Akaletwa. Akaulizwa kama aliwahi kumsogeza mgonjwa, akajibu ndiyo, mara moja, akaeleza kuhusu yule dereva kwa sentensi nne. Akaulizwa kwa nini hakuandika sababu kwenye mfumo kama kanuni inavyotaka. Akasema hakukuwa na muda, mtu alikuwa sakafuni.

Bodi ilikaa faragha saa mbili. Ingekuwa hadithi ya watoto, waovu wangefukuzwa na karani angepewa kiti cha Mkurugenzi. Lakini bodi ni watu wazima na wana shemeji zao. Iliamuliwa kwamba Mkurugenzi, kwa uzoefu wake, ahamishiwe makao makuu akaongoze kitengo kipya cha uwazi. Walimfanyia sherehe ya kumuaga, wakampa saa ya ukutani. Wale wanne wengine walikumbushwa umuhimu wa kufuata taratibu, kwa barua iliyoanza na "Tunathamini mchango wako". Subirini alipewa onyo kali la maandishi, kwa kuwa alikuwa mtu pekee aliyekiri kosa. Aliisoma barua hiyo dirishani, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na meza ikaacha kuyumba.

Mwalimu hakuweza kupata yote aliyotaka, lakini alipata mawili. Nywila za wakubwa kwenye orodha zilifutwa siku hiyohiyo. Na lile swali, bila isipokuwa yoyote, likawekwa lijiulize lenyewe kila Ijumaa saa nne, majibu yakibandikwa karibu na dirisha la miadi. Mchwa alipongezwa kwa mdomo. Wiki mbili baadaye aliletewa waraka kwamba kuanzia sasa hataruhusiwa kuuliza programu swali lolote jipya bila kibali cha Afisa Utumishi. Akatii. Lile la Ijumaa liliendelea, kwani kulizima kungeandika mstari mmoja kwenye logi, nani na saa ngapi, na hakuna mkubwa aliyetaka kuwa mstari huo.

Foleni ikaanza kutembea. Mama mkwe alishuka hadi mia moja na tisini, kisha mia na ishirini, kisha sitini, na kila namba mpya aliitangaza nyumbani kwa mashaka, kama mtu anayehesabu chenji ya muuzaji asiyemwamini. Wiki ya tisa akaingia kwenye mashine.

Daktari aliyesoma picha alikuwa kijana mstaarabu na hakujua anazungumza na akina nani. Alisema nyonga imesagika sana. Alisema ingeonekana miezi mitano nyuma wangejaribu mazoezi na dawa, lakini sasa ni upasuaji tu. Mchwa alisikiliza akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mama mkwe wake, mikono yote miwili juu ya egemeo. Mume wake aliuliza mambo ya tarehe.

Walipotoka, mama mkwe alimtuma mwanawe akalete gari. Wakabaki wawili kwenye benchi la koridoni.

"Ungeniingiza mwezi ule wa kwanza," alisema, "nisingekatwa."

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unaweza."

"Nilikuwa naweza."

Mbele yao watu walikuwa wamejipanga dirishani, na Subirini alikuwa akimwambia mmoja wao asubiri.

"Yule aliyeingia kabla yangu leo," mama mkwe alisema, "ni fundi wa viatu. Tumekaa benchi moja tangu mwezi wa pili. Alikuwa analala hapahapa siku nyingine, kwa sababu nauli ya kurudi hana. Ungenipitisha, ningempita yeye." Alisimama kwa kushika bega la Mchwa, akasubiri maumivu yapite. "Sijasema nimekusamehe. Nasema nimemwona."

Alipasuliwa mwezi uliofuata, kwa zamu yake. Alilala wodini siku kumi, na siku zote kumi Mchwa alimpelekea chakula mchana, wakala pamoja bila maneno mengi. Siku ya nane mama mkwe alimwambia kwamba mchuzi ulikuwa na chumvi kidogo mno, na Mchwa alipoinuka kwenda kutafuta chumvi, alimwambia akae, wataula hivyohivyo.